Kufuli la Krismasi

Nyinyi mliobishana wiki nzima kwamba sauti ile ndani ya stoo ilikuwa ya Idah, poleni. Hata wewe uliyeapa ni Tabby wa kaunta, umepotea njia.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Jentrix alikwenda stoo kuchukua hamira, akamsikia mtu akimwambia Chege, mwenye duka: "Jentrix akibaki, wote watabaki. Na Jentrix niachie mimi."

Akausukuma mlango.

Chege alikuwa ameketi juu ya gunia la sukari. Mbele yake, amevaa ovaroli ya kiwanda anachofanyia kazi Thika, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani, alisimama Obiero.

Ndiyo. Obiero, mume wa Jentrix, baba Mourine.

"Mama Mourine," akasema Obiero. "Si uko kwa oveni saa hii?"

"Na wewe si uko kazini Thika?"

Obiero akaitazama kofia yake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Chege ndiye aliyepata ulimi kwanza. Mtu huyu mnamjua, neno halimpotei hata akifumaniwa.

"Jentrix, keti. Ni vizuri hata umekuja. Nafungua branchi Thika mwaka mpya. Masaa ishirini na nne, kama hii. Nataka msimamizi mtu mzima, mtu hana mchezo. Nimemchagua bwana yako. Hiyo ni baraka ama si baraka?"

"Na wewe unapata nini?"

"Mkate," akasema Chege. "Kesho nataka mkate moto na keki, asubuhi mpaka jioni. Mtu akija Krismasi akute shelfu ya mkate iko tupu, anavuka barabara kwa yule mwingine. Na akivuka, harudi."

Kwa anayelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza leo, nakusogezea kiti haraka. Jentrix ndiye mwokaji mkuu wa supamaketi ya Chege hapa Ruiru, na hakuna mfanyakazi aliyemtangulia. Zamani, duka hilo lilipokuwa likifungwa jioni kama maduka ya watu wenye akili zao, wafanyakazi walikuwa na desturi ya kuazimana sikukuu. Wenye makwao karibu, akina Idah na Tabby, walifanya kazi Krismasi ili wa kutoka magharibi wapande basi waende kwao. Pasaka ikifika, wa magharibi walibaki kazini na wenyeji wakaenda kula sikukuu. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna aliyegombana.

Halafu Agosti ikaja. Chege akapaka ukuta rangi mpya, akaandika "Masaa 24, Kila Siku". Akaleta pasta aombee, akaita umati, na mbele ya watu wote akalitoa lile kufuli kubwa la shata, ule mlango wa bati unaoshushwa kutoka juu, akamkabidhi Jentrix pamoja na ufunguo wake wa pekee. "Hili ni lako, mama, la ukumbusho," akasema. "Sisi hatutafunga tena." Watu wakapiga makofi. Jentrix naye akapiga, maskini.

Tangu siku hiyo hakuna sikukuu ya kuazimana, kwa sababu hakuna aliyebaki na sikukuu. Ndiyo maana Jumapili iliyopita wafanyakazi walikutana nyumbani kwa Idah, Kahawa Wendani, wakaweka mikono yao juu ya lile kufuli na kuapa. Mkesha wa Krismasi, jua likishuka, watawatoa wateja polepole, washushe shata, Jentrix afunge. Halitafunguliwa hadi Boksing Dei, siku inayofuata Krismasi.

Wengine waliapa kwa hasira tu. Jentrix alikuwa na sababu, na sababu hiyo inaitwa Mourine. Ana miaka minane, anaishi Ugunja na nyanya yake, mamake Obiero. Wenzake wa katekisimu walibatizwa Pasaka. Yeye alikataa, akamwambia padri hasimami pale mbele bila mama yake. Na Pasaka ilikuwa zamu ya mama yake kubaki Ruiru, kumlipa Idah Krismasi aliyomwazima. Basi mtoto akasema atangoja. Kesho, misa ya asubuhi, ndiyo siku yenyewe.

Sasa turudi stoo.

"Ulikuwa uniambie lini?" Jentrix akamuuliza mumewe.

"Leo jioni."

"Jioni tuko kwa basi, Obiero. Tiketi zetu ziko kwa kabati, yangu na yako."

Obiero akaigeuza kofia mkononi.

"Ama yako ulikuwa umeshaacha kuihesabu?"

"Nimechoka na ile mashine, Jentrix. Miaka yote hii nabandika makaratasi kwa mikebe. Ni wewe ulisema nitafute kitu kingine."

"Nilisema utafute kazi. Sikusema uniuze ndiyo uipate."

"Hakuna mtu anauza mtu hapa," Chege akaingilia. "Unafikiri mimi sina familia? Lakini nesi akitoka wodini asubuhi ya Krismasi, atanunua wapi maziwa? Askari wa geti je? Hawa wote wanafanya kazi sikukuu na hawalii."

"Nesi akikosa kwenda kazini, mtu anakufa. Mimi sijawahi kusikia mtu amekufa juu ya kukosa skonzi siku moja."

Chege akacheka. Kwa kweli alicheka, na hilo ndilo lililomuuma Jentrix zaidi, kwa maana Obiero naye alitabasamu kidogo kabla hajajizuia. Tabasamu la mtu anayetaka kumpendeza bosi wake mpya. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hakuwahi kuliona tabasamu lile.

Akachukua hamira yake, akatoka.

Alipofika kwa kaunta, Tabby alimpigia jicho. "Niaje, Jentrix. Kufuli iko?"

"Iko nyumbani. Nitaileta mchana."

"Fiti. Nishaambia mathe nakuja kuchinja kuku. Usituangushe."

Hapa ndipo Jentrix alipokosea, na nitalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe atalijutia kabla ukurasa huu haujaisha. Angesema pale pale, mbele ya Tabby, kwamba mume wake amekula njama na Chege. Lakini ni nani kati yetu anayepeleka aibu ya nyumba yake kwa kaunta, watu wamepiga foleni? Akasema, "Siwaangushi."

Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni, mlinzi mwenye sweta ya kampuni, akamshika mkono. "Mungu awabariki nyinyi. Nimetoka lindo saa hii, kila mahali bado hawajafungua. Watoto wangu wangekunywa chai kavu."

Jentrix akamshukuru, akarudi kwa oveni. Na wewe msomaji usijifanye, ulishanunua mkate hapo Jumapili ya Pasaka.

Mchana, saa kumi kasoro, aliomba ruhusa ya kula, akampigia Tobias wa bodaboda ampeleke nyumbani kwake Mugutha. Njiani wazo lilimjia. Kama Obiero amemgeuka, basi hata kufuli haliko salama, maana anajua lilipo. Walilala juu yake kila siku.

Akafungua nyumba, akapiga magoti, akavuta karai kutoka chini ya kitanda. Leso aliyolifungia kufuli ilikuwa imekunjwa vibaya, si mkunjo wake. Akaifungua.

Kufuli lilikuwamo.

Ufunguo haukuwamo.

Akakung'uta leso, akapekua godoro, akageuza viatu. Hakuna. Akaketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yakamlengalenga. Kwa hiyo hata hapa amefika. Ameingia kwenye nyumba yao wenyewe kama mwizi, akapekua leso ya mke wake.

Kisha akalitazama lile kufuli vizuri. Lilikuwa wazi, kile chuma chake cha juu kimening'inia upande mmoja. Akalishika, na ghafla akaanza kucheka peke yake.

Obiero hakuwahi kufunga duka maishani mwake. Alidhani kufuli bila ufunguo ni chuma tu. Lakini kufuli la aina hii halihitaji ufunguo kufungwa, ukilibana linajifunga lenyewe. Ufunguo ni wa siku ya kulifungua, na siku ya kulifungua ni Boksing Dei. Wacha Chege ahangaike nalo.

Akalitia mkobani. Akachukua na tiketi yake kabatini. Ya Obiero akaiacha palepale.

Nguvu zikamrudia, akaamua kupiga simu Ugunja ili asikie sauti ya mtoto wake kabla ya safari. Mama mkwe akapokea upesi, kama mtu aliyekuwa ameketi juu ya simu.

"Nyathina, mwanangu," akasema yule mama, "heri umepiga. Mtoto amefika salama?"

Jentrix hakuelewa. "Amefika wapi, mama?"

"Huko kwenu. Si mlimtuma yule rafiki yako amchukue jana? Mimi nimekaa hapa sijalala."

"Rafiki yangu nani?"

"Yule Mkikuyu mnene, mwenye kucheka. Idah. Alikuja na maneno ya Obiero. Obiero naye akapiga simu akasema wewe ndiye umesema mtoto aende ale Krismasi huko, ubatizo ungoje mwaka mwingine, kwa sababu kazi ni nyingi." Akashusha sauti. "Nilishangaa, nyathina. Nilijiuliza, ni Jentrix kweli amesema hivi? Mtoto alilia mpaka akatapika."

Jentrix aliegemea ukuta.

"Mama, mimi sijasema."

"Hukusema?"

"Sijasema neno hata moja."

Mama mkwe akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeaibishwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe: "Basi nenda umtafute mtoto wako. Mimi nitakwenda kwa padri nimwambie asilifute jina."

Idah. Idah aliyekuwa ameomba ruhusa ya siku tatu, eti ana mgonjwa Kangema. Idah ambaye kiapo kiliapiwa sebuleni kwake, ambaye mkono wake ulikuwa wa kwanza juu ya kufuli. Jentrix alimpigia simu mara ya kwanza, haikushikwa. Ya pili, haikushikwa. Ya tatu ikazimwa. Mtu akikuzimia simu mkesha wa Krismasi, hahitaji tena kujieleza.

Alirudi dukani akimwambia Tobias akaze mwendo.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya magorofa alipowakuta wenzake wamesimama nje, sare zimevuliwa, mifuko ya safari miguuni. Tabby alikuwepo, na Omondi wa nyama, na wengine wote. Walikuwa wamewatoa wateja kwa adabu, mmoja mmoja, na shata lilikuwa limeshushwa hadi usawa wa kiuno. Chege alisimama ndani, mikono nyuma, hakumzuia mtu. Utulivu wake ulimtisha Jentrix kuliko kelele.

"Toa, Jentrix," Omondi akasema. "Tumalize."

Jentrix akalitoa kufuli. Watu wakashangilia. Akainama kulishika shata alivute chini.

"Mama."

Aligeuka. Kutoka upande wa maegesho alikuja Idah, amemshika Mourine mkono. Mtoto alikuwa amevaa lile gauni jeupe Jentrix alilomtumia mwezi uliopita, la ubatizo, na vumbi la safari limeushika ukingo wake. Obiero alikuwa nyuma yao. Shingoni mwa Mourine palining'inia kamba, na kwenye kamba ufunguo.

Shangwe zikakatika.

"Ngoja," akasema Tabby. "Huyo si ni mtoi wako? Si ulituambia unaenda ocha, huko Ugunja, abatizwe?"

"Tabby, nisikilize."

"Mbona yuko hapa? Na ako na nguo ya kanisa. Kumbe hukuwa unasafiri."

"Nimejua mchana huu. Wamemleta bila kuniambia."

"Ni bwana yako amemleta," akasema Omondi. "Tumemwona na macho."

Chege akachagua dakika hiyo kusema, kwa upole, kana kwamba anamtetea. "Msimlaumu Jentrix jamani. Mama ana familia. Bwana yake tumeshaelewana, ndiye msimamizi wa Thika. Si hata asubuhi tulikuwa na yeye hapo stoo, tukiongea?"

Macho yote yakamgeukia Jentrix. "Ulikuwa stoo na Chege asubuhi?" Tabby akauliza. "Na mimi nikakuuliza kufuli, ya stoo ukayanyamazia?"

Jentrix akafungua mdomo. Ndiyo, alikuwa stoo. Ndiyo, alinyamaza. Kila alichotaka kukisema kilikuwa kweli, na kila kweli ilimfunga zaidi.

"Idah," akasema. "Waambie wewe."

Idah hakuwa akicheka siku hiyo. Aliuachilia mkono wa mtoto, akapangusa viganja kwa sketi yake.

"Niwaambie nini? Chege aliniambia nikimleta mtoto, kesho siji kazi. Peke yangu." Sauti yake ilitetemeka, lakini hakushusha macho. "Miaka yote, Jentrix, nimekufanyia Krismasi. Unanilipa Pasaka, nakubali. Lakini watoto wangu hawajawahi kula Krismasi na mimi. Yule mkubwa sasa ameoa, hajawahi. Ulikuwa unarudi hapa Januari na simsim na samaki, unaniambia vile ilikuwa tamu. Uliwahi kuniuliza mara moja, Idah, mwaka huu uende wewe?"

Jentrix hakuwahi kumuuliza. Aliona ni desturi, na mtu haulizi desturi. Lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na haki ndani yake.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekwambia ungesema tuko pamoja. Watu hawashibi pamoja."

Idah akageuka akaenda zake kuelekea barabarani, mnene, mzito, bila kuangalia nyuma. Krismasi yake ilikuwa imeanza.

Na Tabby, aliyekuwa amemwambia mama yake anakuja kuchinja kuku, akaokota mfuko wake. "Kama watu wakubwa wanauza wenzao, mimi ni nani nipoteze kazi?" Akainama chini ya shata, akaingia ndani. Omondi akamfuata. Kisha mwingine, na mwingine, kila mmoja akiinama, hakuna aliyemtazama Jentrix usoni, mpaka nje wakabaki watatu tu: yeye, mumewe na mtoto wao.

Sasa lielewe pigo lenyewe. Kufuli lilikuwa mkononi mwake na shata lilikuwa mbele yake, lakini hakuna mtu mwenye moyo anayefungia watu ndani ya jengo. Chege alilijua hilo tangu asubuhi. Hakuhitaji kumnyang'anya kufuli. Alihitaji tu watu waingie.

"Mambo yameisha, Mama Mourine," akasema Obiero taratibu. "Washa oveni. Kesho jioni tutakula pamoja. Hata nimenunua soda."

Jentrix alichutama mbele ya mtoto. "Mourine, basi la Ugunja linatoka Githurai jioni hii. Bado tunaweza. Tukienda sasa, asubuhi tuko kanisani, mimi na wewe. Njoo."

Akamnyooshea mkono.

Mourine akarudi nyuma hatua moja. "Mimi siendi na wewe."

"Kwa nini, mama?"

"Wewe ulisema mkate ndio uko na haraka."

Akageuka, gauni jeupe likapeperuka, akapita chini ya shata kwa kuinamisha kichwa tu, akaingia dukani. Obiero akamfuata upesi.

Jentrix alisimama pale na tiketi moja mkobani na kufuli mkononi. Basi lilikuwa Githurai. Mtoto alikuwa ndani. Akainama, akaingia.

Chege alikuwa akimngoja pale pale, uso umemchanua. "Karibu kazini," akasema, na wachache wakacheka, si kwa furaha.

Jentrix alimpita. Akawapita wote. Akapita shelfu za sabuni na za mafuta, akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye chumba cha kuokea. Mkate wa Krismasi ulikuwa umeshakandwa, trei kwa trei, ukiumuka chini ya vitambaa. Hakukuwa na mtu humo. Akazima gesi. Akachungulia kila pembe, hata nyuma ya mifuko ya unga, ahakikishe.

Mlango wa chumba hicho ni wa chuma, na una komeo la nje lililowekwa zamani, enzi za wizi wa sukari. Tangu Agosti hakuna aliyelitumia, maana duka la kutofungwa halikuhitaji makufuli, na pasta alikuwa ameshaliombea.

Jentrix akatoka, akauvuta mlango, akapitisha komeo. Akalibana kufuli.

Likalia mara moja, na duka zima likasikia.

"Wewe," akasema Chege, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, hakuwa na neno la kufuatia. Akalijaribu kufuli kwa mikono miwili. Akaupiga mlango teke. "Omondi. Kimbia kwa yule fundi wa grinda ya kukatia chuma hapo nyuma ya steji. Mwambie aje saa hii."

Omondi hakusogea. Ni Tabby aliyejibu, na sijui kama alikusudia kuchekesha. "Amefunga, bosi. Ameenda ocha. Mafundi wote wamefunga, ni Krismasi."

Chege akaupiga mlango teke jingine.

Kisha Chege akakumbuka ufunguo. Jentrix alilisoma hilo usoni mwake kabla hajageuka. Akamtazama mtoto mwenye gauni jeupe aliyesimama kando ya friji za maziwa, akakunja magoti, akalainisha sauti.

"Msichana mzuri. Hebu nipe hiyo funguo yako. Nitakupa keki kubwa, ile ya juu kabisa."

Mourine akaishika kamba shingoni. "Baba alisema ni ya mama. Alisema nimpatie kesho, akimaliza kazi."

"Baba atakwambia unipe mimi. Obiero, mwambie mtoto."

Obiero akamtazama Chege, mtu aliyeshika kazi yake mpya mkononi. Akamtazama mkewe. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Mourine," akasema, "mpe mjomba ufunguo."

Mtoto akaivua kamba kichwani, polepole, ikanaswa kwenye utepe wa nywele, akainasua. Akaushika ufunguo kiganjani. Mkono wa Chege ulikuwa umenyooshwa. Wa Jentrix haukunyooshwa. Alikuwa amenyoosha mkono mara moja leo, ukaachwa hewani, na hakuwa na nguvu ya kuunyoosha tena.

Ndipo Mourine akamgeukia. Tabby alisimama kaunta mdomo wazi, Omondi hakupepesa jicho, na wale wote walioapa na kuinama chini ya shata walisikia kila neno.

"Mama, ni wewe ulisema nisibatizwe?"

Jentrix angeweza kujibu. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa kweli. Lakini jioni hiyo alikuwa amesema kweli na hakuna aliyemwamini, na mtoto huyu alikuwa amelia kwa ajili ya uongo ambao si wake.

Akamtazama Obiero.

"Muulize baba yako," akasema. "Alinisikia wapi, na mbele ya nani, nikisema hivyo."

Na mtoto, ufunguo mkononi, akageuka kumtazama baba yake, akangoja.